Sisimizi wa Sitti

Felista aliponitumia ujumbe wa sauti kwamba Sitti amefariki, mtu mwenye adabu zake angekaa chini, anyamaze kidogo, amwombee marehemu. Mimi nilikuwa dukani kwangu hapa Makueni, nambadilishia mteja kioo cha simu, na kitu cha kwanza kilichonitoka mdomoni kilikuwa, "Yule mama na sisimizi wake!" Mteja alinitazama kama mtu anayetaka arudishiwe simu yake haraka. Kumweleza? Ningeanzia wapi? Felista tulifanya kazi naye nyumba moja huko Riyadh, yeye jikoni na mimi kwenye gari, na sauti yake katika ule ujumbe ilikuwa ya kilio cha kweli, kilio cha mtu aliyebaki na marehemu miaka mingi baada ya mimi kuondoka. Alisema Sitti amezikwa Jeddah siku ile ile, kama ilivyo desturi yao. Niliusikiliza ujumbe mara tatu, na kila mara hasira ilipanda kwanza, huzuni ikafuata nyuma ikichechemea. Miaka yote hii nilidhani nimekwisha kumsamehe.

Mwaka ninaousema ulianza na uongo, na uongo wenyewe haukuwa hata wangu. Wakala wa Nairobi aliyetupeleka Saudia alikuwa na fomu yenye visanduku vya kazi: udereva, ulinzi, upishi, usafi, kilimo. Hakuuliza mtu anajua nini. Aliweka alama katika kila kisanduku, kwa kila mtu, akisema wateja wa kule wanapenda mtu kamili. Kwa hiyo mimi, fundi wa simu ambaye ujuzi wangu wote wa machungwa ulikuwa kuyamenya, niliingia Riyadh nikiwa mkulima kwa maandishi. Kwa miezi minane hakuna aliyejali. Nilimpeleka Baba, yaani bosi wetu, ofisini na kumrudisha. Nilimpeleka madam madukani Sulimaniyah na kumsubiri garini hadi mgongo ukashika. Kisha baba yake Baba akafariki huko Jeddah, na Baba akaamua kwamba mama yake hawezi kukaa peke yake kwenye nyumba ya mawe ya kale katika mitaa ya Balad, nyumba yenye ngazi za kumchosha hata hamali. Alimfuata akamleta Riyadh. Mama alikubali kwa sharti moja: miti yake minne ije naye. Ikaletwa kwa lori, ikiwa kwenye vyungu vikubwa ambavyo wanaume wawili walihema kuvishusha: midimu miwili, mchungwa mmoja, na mdanzi, ule mchungwa mchungu ambao wao huutengenezea jamu. Marehemu mumewe ndiye aliyeipanda juu ya paa la nyumba yao. Baba alisimama uani, akaitazama miti, akanitazama mimi, na niliona kabisa ile fomu ikipita kichwani mwake. "Mutua," akasema, "wewe si mkulima? Hii miti ni yako."

Felista alicheka siku nzima. Mimi sikuruhusiwa kuingia ndani, kwa hiyo maisha yetu ya Kikenya yote yalipitia dirisha la jikoni, dirisha lenye nondo na wavu wa mbu uliotoboka kona moja. Hapo ndipo nilipopokea sahani yangu ya wali na kuku wa mchana, na hapo ndipo, madam akiwa amelala baada ya adhuhuri, Felista alipopitisha chapati mbili alizopika kwa wizi, zimefungwa kwenye karatasi ya alumini. Chumba changu kilikuwa kando ya lango: kitanda, birika la umeme, na kiyoyozi kilichonguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Nilikula nikiwa nimesimama pale dirishani kwa sababu chumbani hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye.

"Aki wewe umejipata," Felista aliniambia siku ile. "Si uliandika wewe ni farmer? Lima sasa."

"Sikuandika mimi. Aliandika wakala."

"Hata mimi aliniandikia najua kufundisha watoto kuogelea. Naomba tu hawa watu wasinunue swimming pool."

Bibi mwenyewe, watu wote wa nyumba walimwita Sitti, ndivyo watu wa Jeddah wanavyomwita nyanya. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye fimbo na macho makali. Kila alasiri aliketi uani kwenye kiti cha plastiki, gilasi ya chai ya mnanaa mkononi, akanisimamia. Usimwage maji kwenye majani. Usimwage maji mengi. Mbona umemwaga maji kidogo? Mdanzi unataka jua, sogeza mdanzi. Nausogeza mdanzi, mgongo ukilia. Sasa una jua mno, urudishe. Alikamua ndimu kwenye kila kitu alichokula, kwenye ful, yale maharage yao ya asubuhi, kwenye samaki, hata kwenye supu ambayo madam alikuwa ameitengeneza kwa saa tatu, na madam akakunja uso. Nilimwonea huruma madam, nikajionea mimi zaidi.

Kufikia mwezi wa tano majani yalianza kujikunja. Niligeuza moja, nikakuta chini yake vidukari vya kijani vimejaa hadi hakuna pa kuweka kucha. Kwenye maungio ya matawi kulikuwa na wadudu weupe kama vipande vya pamba, na kwenye mashina kulikuwa na vigamba vya kahawia ambavyo nilivifikiria ni ugonjwa wa ganda la mti, hadi nilipokibandua kimoja kwa kucha kikatoa maji. Wote walikuwa wakifyonza utomvu. Majani yalinata kama yamepakwa sukari, kisha juu ya ule unato ukaota ukungu mweusi kama masizi ya sufuria. Na katikati ya balaa hiyo yote, wakipanda na kushuka kwa foleni isiyokatika mchana kutwa, walikuwapo sisimizi. Sikuwajali sisimizi. Nilidhani ni wapita njia tu.

Ijumaa moja baada ya chakula Baba alikuja uani, akashika jani, akajifuta vidole kwa kanzu na kujuta. Alikuwa mtu wa haki kwa jinsi yake. Hakupiga kelele, ila aliyapenda mambo yaishe. "Sikiliza, Mutua," akasema. "Miti ikipona kabla ya Krismasi yenu, nakupa likizo ya mwezi mzima uende kwenu. Isipopona, mafi, hakuna." Mkataba wangu ulinitaka nisubiri hadi mwaka wa pili uishe. Mtoto wetu Mumo alizaliwa nikiwa na miezi miwili Riyadh, na nilikuwa sijamshika hata mara moja. Nilimjua kama picha ndani ya simu, picha inayolia. Jioni ile nilimpigia mke wangu Ndinda, nikamwambia atafute mbuzi, Krismasi nipo nyumbani. Tangu saa hiyo wale wadudu hawakuwa tena wadudu wa mtu mwingine. Walikuwa wamekaa kati yangu na mwanangu.

Nilifanya kila upuuzi ambao mwanadamu anaweza kuufanyia mti. Nilipulizia maji ya sabuni ya vyombo saa saba mchana, jua la Riyadh likiwa limesimama utosini, na kesho yake nusu ya majani yalikuwa yameungua. "Umeipika!" Sitti akasema, na kwa siku mbili hakunisalimia. Nilipulizia maji ya pilipili, upepo ukageuka, nikalia kama mfiwa hadi Felista akaniletea maziwa. Nilijifunza mwishowe kuchanganya sabuni kidogo na mafuta ya kupikia kidogo, kupulizia jua likiwa limezama, na kupangusa majani moja moja kwa kitambaa. Wadudu walipungua. Baada ya siku kumi walikuwa wamerudi wote, na nadhani waliwaleta na jamaa zao. Ndipo nikaenda kwa Mmisri mmoja aliyeuza miche kando ya barabara ya kutokea mjini, nikamwonyesha picha. Hakuitazama hata kwa makini. Aliuliza tu, "Na sisimizi wapo?" Nikasema wapo. Akacheka. "Wewe unapigana na ng'ombe na kumwacha mchungaji. Hao wadudu wanakojoa maji matamu, na sisimizi wanawakamua. Wanawalinda. Akija yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi awale, sisimizi wanamfukuza. Ondoa sisimizi, hao wengine wataliwa wenyewe." Mimi ni Mkamba, ng'ombe na mchungaji nawaelewa. Nilirudi na sumu ya sisimizi kwenye kichupa, nikiimba ndani ya gari.

Sitti aliniona nikifungua kile kichupa. Akainua fimbo. "Hiyo nini?" Nikaeleza kwa Kiarabu changu cha dereva. Uso ukambadilika. Katika dini yao, akasema, sisimizi hauawi, ni kiumbe anayemtukuza Mungu, na katika nyumba aliyomo yeye hakuna atakayemwekea sumu. Baba alipokuja jioni nilimsikia kupitia dirisha la sebule, nikiwa namwagilia maji polepole kuliko inavyohitajika. Alimwambia mama yake kwamba mdudu akidhuru anaruhusiwa kuondolewa. "Amemdhuru nani?" Sitti akauliza. "Wewe? Umeumwa wapi?" Baba, ambaye ofisini alisimamia watu wengi wazima, akaomba chai. Kesho yake aliniambia kwa sauti ya chini nitafute njia nyingine. Nikarudi kwa Mmisri. Akanipa gundi ya kupaka shinani, Sitti akasema watanasa na kufa njaa, na hiyo ni mbaya kuliko sumu. Nilimtazama yule mama nikamwona Mumo anaota meno bila mimi, kwa heshima ya sisimizi.

Njia iliyobaki ilikuwa maji. Nilinunua mabeseni manne makubwa, nikaweka matofali ndani ya kila beseni, chungu juu ya matofali, maji chini yakizunguka. Nilikata matawi yote yaliyogusa ukuta, maana Mmisri alinionya kwamba tawi moja likigusa ni kama kuwawekea barabara. Kuinua vile vyungu kulihitaji mimi, mlinzi wa jirani na matusi mengi ya moyoni. Sitti aliikagua kazi akaridhika. Sisimizi si mjinga, alisema, akiona maji anarudi kwake. Na kweli, siku ya tatu foleni ilikatika. Nikapangusa majani, nikasugua vigamba kwa mswaki wa meno, nikaona jani jipya la kijani kibichi juu ya mdimu, dogo kama sikio la panya. Nilimpigia Ndinda nikamwambia kuhusu hilo jani. Akaniuliza kama ninakula vizuri.

Wiki iliyofuata sisimizi walikuwa juu ya miti tena. Nikachunguza, nikakuta jani kavu la mtende limelala juu ya beseni, kutoka ukingoni hadi kwenye chungu, na sisimizi wanapita juu yake kama wamelilipia. Upepo, nikasema. Nikaliondoa. Baada ya siku nne, kijiti. Nikalaumu watoto wa Baba, kisha paka mmoja wa mtaani niliyemkimbiza hadi barabara ya pili, kisha Felista, kwamba anapokung'uta mikeka anaangusha vitu. Felista akaninyima chapati wiki nzima, na alikuwa na haki. Mara nyingine nilikuta kipande cha mswaki wa mti, ule wanaosugulia meno kabla ya sala, na nikamdhania Baba kwamba anautupa akipita. Agosti ikaisha, Septemba, Oktoba. Kila nilipokaribia kupona, namaanisha miti ilipokaribia kupona, kulitokea daraja. Nilikonda. Nilianza kuota sisimizi. Leo watu wa hapa kijijini wakija kuniuliza dawa ya michungwa yao, kwa sababu walisikia nilikuwa mkulima Saudia, nawaambia waanze kwa kutafuta vijiti.

Kuna kitu nilikisikia katika miezi ile ambacho nilikichukua kama udaku tu. Saa za alasiri Sitti alimpigia simu jirani yake wa Balad, na kwa kuwa hasikii vizuri aliweka sauti kubwa, uani pote pakasikika. Aliuliza nani ameoa, nani anauza nyumba, samaki leo alikuwa wa namna gani. Kisha alisema, kila mara, kabla ya kukata, "Fungua dirisha." Jirani alifungua, akaitoa simu nje, na Sitti akakaa akisikiliza, ile simu sikioni: watu wakipita, toroli la hamali, muuzaji akiita, mwadhini akisafisha koo. Dakika nzima, wakati mwingine mbili. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye beseni, nikikunja uso kwamba ananipotezea muda maana alinikataza kuchota maji kwa kelele akiwa kwenye simu. Sikufikiria hata kidogo kwamba usiku uliotangulia mimi mwenyewe nilimwomba Ndinda aiweke simu karibu na mto ili nisikie mtoto akipumua.

Asubuhi moja ya mwisho wa Novemba, baridi ya Riyadh ikiwa imeanza kuuma masikio, niliamka mapema nichemshe chai kabla ya kumpeleka Baba uwanja wa ndege. Nilikuwa nimesimama dirishani kwangu, birika likitokota, nikamwona Sitti anatoka akiwa bado na shuka lake jeupe la sala. Alitembea hadi kwenye mdimu wa kwanza. Aliegemea fimbo, akainama taratibu, mkono mmoja kwenye goti, kwa namna ambayo ilionyesha goti linamuuma, akautoa mswaki wake mkononi na kuulaza juu ya maji. Akaujaribu kwa kidole kama umekaa sawa. Kisha akaokota jani kavu la mtende na kwenda kwenye mti wa pili.

Sikumbuki nilivyofungua mlango. "Sitti!"

Hakushtuka hata kidogo. "Punguza sauti. Watu wamelala."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Miezi mitatu nimemlaumu paka!"

"Paka hana habari na wewe," akasema, akaketi kwenye kiti chake, akihema. Nilimuuliza kwa nini, na nadhani nilimuuliza kwa Kiswahili, kwa sababu hasira haijui Kiarabu, lakini alielewa. "Miti hii ikinawiri hapa, mwanangu atasema, unaona mama, hata miti imezoea. Ikikataa, itabidi irudi Jeddah, na mimi nitarudi nayo niimwagilie. Hatanirudisha kwa ajili yangu. Kwa ajili ya miti ya baba yake atanirudisha." Akaugusa mdimu. "Haitakufa, usiogope. Mdimu haufi kwa sisimizi. Unasumbuka tu. Na mimi hapa nasumbuka tu."

"Na mimi je?" nikasema.

"Wewe una nini?"

Basi nikamwambia: Krismasi, ahadi ya Baba, mtoto. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Niliona maneno yakimwingia moja moja. Aliuliza mtoto anaitwa nani, ana umri gani, amefanana na nani, na hilo la mwisho sikuweza kulijibu. Birika chumbani mwangu likajizima. Kisha akasimama, akainama tena na lile goti lake bovu, akauondoa mswaki juu ya maji. "Basi iponye," akasema. "Mimi ni mzee. Nitazoea." Akaingia ndani, na alasiri ile hakutoka kunywa chai.

Madaraja yakaisha, na miti ikafanya kile ambacho Mmisri aliahidi. Sisimizi wakakata tamaa. Wiki ya pili nikaona mdudu mwekundu mwenye madoa meusi, mmoja, kisha watano, wakila vidukari kwa utulivu kama watu walioalikwa. Vilichomoza vichipukizi vipya. Katikati ya Desemba Baba akaja uani akiwa na mama yake, akageuza jani, vidole havikunata. "Naona afadhali," akasema. "Haya, mkulima, niambie ukweli. Miti hii inaweza kukaa Riyadh, au haiwezi?" Nilijua pasipoti yangu iko kwenye droo ya meza yake, hatua kumi na tano kutoka pale. Ilikuwa ni neno moja tu. Sitti alikuwa ameketi, anatazama ndani ya gilasi yake ya chai, hakuniangalia, hakunisihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana angenisihi ningemkatalia.

"Baba," nikasema, "hii ni miti ya bahari. Riyadh mafi. Sasa ni baridi, inaonekana vizuri. Joto likirudi itakufa."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Hii ndiyo kazi yangu."

Akapumua. "Halas, basi. Itarudi Jeddah, na mama pamoja nayo, Felista amtunze. Na wewe utamwendesha." Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo Krismasi mafi, Mutua. Umeona mwenyewe." Nilienda chumbani nikapiga teke ndoo hadi ikapasuka, kisha nikabaki bila ndoo. Felista aliposikia pale dirishani aliweka mwiko chini. "Wewe ni mjinga wa size gani?" akauliza, kisha akaanza kulia, kisha akanipa chapati nne. Ndinda sikumweleza vizuri. Nilimwambia kazi imebadilika, sitaweza. Alisema mbuzi amekwisha kununuliwa. Alisema tu hivyo, kisha akasema anaenda kufua.

Tulisafiri kutwa nzima kuelekea Jeddah, lori la miti nyuma yetu, Felista na Sitti kiti cha nyuma, Sitti akinipa tende kila nilipoanza kusinzia na kunigombeza kila nilipopita gari jingine. Hakuniambia asante. Balad, mahamali watatu walivipandisha vile vyungu ngazi zote hadi juu ya paa, mmoja akiapa kwa kila ngazi, na Sitti akiwafuata nyuma na lile goti, hataki kushikwa mkono. Krismasi nilikula mtaa wa Mahjar, huko huko Jeddah, katika chumba cha Wakenya kumi na wawili na sufuria moja ya pilau, tukaimba kwa sauti ya chini, nikatoka kabla haijaisha kwa sababu mtu alimpigia mwanawe simu. Na siku tatu baadaye, nikiwa juu ya paa, niliona foleni nyembamba nyeusi ikipanda ukuta wa mawe kuelekea mdanzi. Sisimizi wa Jeddah. Nilikaa chini kwenye zege nikacheka vibaya.

Sitti aliiona ile foleni pia. Kesho yake asubuhi nilimkuta paani ameshatangulia, kiti chake kikiwa katikati ya vyungu vinne, fimbo mapajani. Upepo wa bahari ulikuwa unaleta takataka, nyuzi, majani, vipande vya karatasi, na kila kitu kilichoangukia kwenye yale mabeseni, niliyoyapanga tena chini ya vyungu, alikitoa kwa ncha ya fimbo kabla hakijakaa. Alikaa pale kutwa. Alikaa pale wiki sita. Alikunja mikono ya nguo akasugua vigamba kwa mswaki wa meno, akapangusa majani moja moja kwa kitambaa, akaniambia nilikuwa nikifanya vibaya wakati wote ule. Felista alimpelekea ful yake huko huko juu. Na wala hakuua sisimizi hata mmoja. Aliyevuka alimchukua kwenye ncha ya kidole na kumshusha ukutani, akimkaripia. Mimi niliyekuwa nimemkasirikia kwa mwaka karibu mzima sikujua la kufanya na hasira yangu, kwa hiyo nilimletea maji.

Mwisho wa Februari Baba alikuja kumtembelea. Mchungwa ulikuwa umetoa maua, paa lote linanukia. Aligeuza majani, akashangaa, akasema kweli mimi najua miti. Sitti akamkatiza. "Huyu anaenda kwao wiki hii. Ulimwahidi, na miti hii hapa imepona."

"Mama, na nani atakuendesha?"

"Niende wapi? Nimeshafika," akasema.

Siku ya kuondoka nilishuka na begi langu, nikamkuta amesimama kwenye mlango wa chini. Nilidhani atanipa tende. Hakunipa kitu. Alinishika mkono wa shati, akanivuta nishushe kichwa. "Mwambie mkeo," akasema, "ni mimi niliyekuchelewesha. Usimwambie ni kazi. Mwambie ni mwanamke mmoja mzee wa Jeddah." Nikasema nitamwambia, nikiwa na nia kabisa ya kutomwambia, maana nilijua Ndinda angesema nini.

Nilifika nyumbani alasiri. Mumo aliniona mlangoni, akapiga ukelele, akakimbilia nyuma ya mlango wa chumba cha ndani na kujificha huko, kimiguu kimoja kikionekana. Ndinda alinipakulia chakula bila kunitazama usoni, akaketi, akauliza kwa nini sikuja Krismasi, na safari hii akaniambia asitajiwe kazi. Nikamweleza. Nilieleza yote, vidukari, mabeseni, mswaki, lile swali la Baba na jibu nililompa, nikisubiri anirukie. Alisikiliza hadi mwisho, akitengeneza ncha ya leso yake.

"Na huyo mama," akasema, "yeye alifika kwao?"

"Alifika."

"Haya basi," Ndinda akasema, akainuka kwenda kumtoa mtoto nyuma ya mlango.